Orodha ya Kahawa ya Kontasjärvi

Jumanne, tarehe 12 Machi 2019. Asubuhi hiyo baridi ilifika nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri. Upepo ulikuwa umelala, anga liko wazi, na theluji ililia chini ya viatu kama bawaba isiyotiwa mafuta. Domna Sverloff alitoka kuchukua kuni, akasimama kidogo uani akilitazama jua likichungulia nyuma ya kilima cha Ruossavaara, akafanya ishara ya msalaba. Ilikuwa wiki ya pili ya Kwaresima.

Kwa miaka mitatu alikuwa akimwomba Mungu jambo moja tu, asubuhi na jioni: kilima kile kisiguswe. Kila mwezi Mei kulungu wanaofugwa na kijiji walipanda huko kuzaa, kwa sababu upande wa kusini theluji huyeyuka mapema na upepo haufiki. Sasa kampuni ya machimbo ilitaka kutoboa mashimo palepale, mwezi uleule. Kulungu jike akisikia mashine haji tena. Asipokuja hakuna ndama, bila ndama hakuna kundi, na bila kundi watu wa Kontasjärvi wangebaki na nini? Nyumba arobaini na kanisa dogo la mbao.

Ndiyo maana miaka miwili iliyopita kijiji kilipeleka malalamiko Geneva, kwa Kamati ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa. Kamati ikajibu. Iliiandikia serikali kwamba mashine zisipande Ruossavaara mpaka wenyeji waridhie kwa hiari yao. Siku barua hiyo iliposomwa mkutanoni, wanaume wazima walitoka nje wakijifanya wanakwenda kuwasha pikipiki zao za theluji, kumbe wanafuta machozi. Tangu Wasami hawa, wafugaji wa kaskazini mwa Finland, wahamishwe baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mara nyingi watu wa mbali walikuwa wameamua mambo yao, lakini hii ilikuwa mara ya kwanza mtu wa mbali kusema waulizwe.

Jioni ya Jumanne hiyo, saa kumi na mbili, Domna alikwenda shuleni kama kawaida. Alikuwa na miaka sitini na minne na huu ulikuwa mwaka wake wa pili katika darasa la jioni. Utotoni, katika shule ya bweni, lugha ya mama yake ilimtoka kwa fimbo. Sasa alikuwa akijifunza kuisoma na kuiandika, herufi kwa herufi, na kila alipomaliza sentensi bila kosa alimshukuru Mungu kimoyomoyo kama mtu aliyepewa chakula.

Mwalimu Helvi alikuwa amewapa kazi. Kila mwanafunzi achague karatasi moja ya serikali, kisha aifasiri aya moja kwa lugha yao. Wengine walichagua sheria ya uvuvi. Domna alichagua ripoti ambayo serikali ilikuwa imetoka kuipeleka Geneva, kwa kuwa kila baada ya miaka kadhaa nchi hupaswa kwenda mbele ya Kamati kama mwanafunzi na daftari lake, na safari hii daftari lilikuwa na Kontasjärvi ndani. Helvi alimchapia kurasa zake. Domna akaweka kidole chini ya mstari, akaanza.

Aya ya 87 ilisema hivi: tarehe 21 Novemba 2018 wizara ilifanya mashauriano na wakazi wa Kontasjärvi. Wakazi ishirini na watatu walihudhuria, walipewa maelezo kamili, na waliridhia uchunguzi wa madini uendelee. Sahihi zao zimeambatishwa, kiambatisho cha nne.

Alidhani amekosea kusoma. Alirudi mwanzo. Halafu akamwita mwalimu, akamwomba asome yeye, na Helvi akasoma kwa sauti ndogo maneno yaleyale.

Domna aliikumbuka siku hiyo vizuri. Jefim alikuja na mabwana wawili kutoka Helsinki. Jefim alikuwa mtoto wake wa ubatizo. Tena mama mzazi wa Jefim alipofariki, kijana akiwa na miaka tisa, Domna ndiye aliyemtandikia kitanda, akamfundisha kufunga kamba ya kulungu, akamsindikiza kituoni alipokwenda chuo kikuu. Sasa alifanya kazi wizarani, idara iliyoandika ripoti za Geneva, na kijiji kizima kilimwita "mtu wetu Helsinki". Siku ile alikuwa mkalimani. Alileta masanduku ya mikate mitamu ya iliki, na birika kubwa la kahawa likachemka ukumbini.

Mabwana walionyesha picha ukutani, wakaeleza, wakauliza kama kuna maswali. Hakuna aliyesema neno. Kontasjärvi mgeni hajibiwi siku aliyouliza. Watu husikiliza, hunywa kahawa, hushukuru, hurudi nyumbani wakalalia jambo lenyewe. Jibu hutolewa katika mkutano mwingine, wenyeji peke yao, kisha hupelekwa kwa barua. Mtoto wa miaka saba analijua hilo. Na kweli mkutano ule wa pili ulifanyika Desemba, watu wote wakakataa, na barua ikaenda.

Kabla wageni hawajaondoka, Jefim alipitisha karatasi. Aliwaambia waandike majina, maana wahasibu wa Helsinki hawaamini kwamba watu wachache wanaweza kunywa kahawa nyingi hivyo, watadhani kaimaliza yeye. Watu wakacheka, wakasaini. Juu ya karatasi paliandikwa: Kahawa na mikate. Domna alikuwa katika mfungo wa kabla ya Noeli, unaokataza vyakula vya maziwa, na mikate ile ilikuwa na siagi, hakuigusa. Kwa kuwa hakupenda kuandikiwa kitu asichokula, na kwa kuwa alizionea fahari herufi zake mpya, aliandika kando ya jina lake, kwa lugha yao: kahawa tu, nimefunga.

Helvi alifungua ukurasa wa mwisho. Kiambatisho cha nne kilikuwa picha ya karatasi ileile. Kichwa chake kilikuwa kimekatwa. Majina ishirini na matatu yalikuwapo yote, na kando ya jina la saba, kwa mwandiko wa mtu anayejifunza, palikuwapo yale maneno: kahawa tu, nimefunga.

Katika wizara ile nzima hakuna aliyeweza kuyasoma maneno hayo, isipokuwa mtu mmoja.

Domna hakulia. Alikunja karatasi mara mbili, akaitia katika Biblia yake, akamwomba Helvi radhi kwamba leo hataweza kumaliza zoezi. Alipofika nyumbani alimpigia Jefim simu, akamwambia tu kwamba Jumapili kuna mkutano baada ya ibada, na yeye aje mapema. Jefim alicheka simuni, akauliza kama kuna mgonjwa. Akajibiwa kwamba mgonjwa hakuna.

Alikuja Ijumaa adhuhuri, amevaa koti zuri la mjini ambalo halikuwa na faida yoyote kwenye baridi ile. Alimkumbatia Domna mlangoni.

"Umepungua, mama."

"Nimefunga. Kaa ule."

Alimwekea mkate wa shayiri nyeusi, viazi na matunda madogo ya msituni. Jefim akala kwa hamu, akisimulia habari za mkewe, aliyekuwa mjamzito na angejifungua Juni. Domna alimwacha amalize kipande cha kwanza. Halafu akatoa ile karatasi, akaikunjua juu ya meza.

"Hii nini?" akauliza Jefim.

"Msomi ni wewe."

Jefim aliitazama. Mkono wake uliokuwa ukielekea kwenye mkate ulirudi polepole.

"Mama, hiyo ni lugha ya kiofisi tu. Waliridhia, maana yake hawakupinga."

"Nani kakwambia hatukupinga?"

"Siku ile hakuna aliyesema hapana."

"Jefim, hapa kwetu nani humwambia mgeni hapana huku kashika kikombe chake?"

Nje mbwa alibweka mara moja, akaacha. Kisha Jefim akaanza kueleza, haraka haraka, kama mtu anayetoa mizigo nyumba ikiungua. Alikuwa amemwambia mkuu wake kwamba watu wa kwao hujibu baadaye. Mkuu akasema ripoti inaondoka Ijumaa na Geneva haingoji. Barua ya Desemba nayo ilikuja, lakini ilipofika ripoti ilikuwa imeshapigwa muhuri. Mkataba wake yeye ulikuwa unakwisha Mei. Kila neno lilikuwa na sababu yake, na Domna aliyasikiliza yote.

"Na kichwa cha karatasi," akasema. "Nani alikikata?"

"Mama, mashine za kunakili siku hizi..."

"Nani?"

"Mimi."

"Na haya maneno yangu uliyaona?"

"Niliyaona."

"Ukasema nini?"

Jefim aliinamisha kichwa. Alipoinua uso, midomo yake ilikuwa na tabasamu dogo la aibu, lile la utotoni alipovunja kitu.

"Nilifurahi, mama. Hukukosea hata herufi moja."

Neno hilo lilimchoma kuliko yote. Angalau angesema kwamba hakuona, au kwamba macho yalipita juu yake. Kumbe alisimama, akasoma, akaisikia sauti ya mama yake ndani ya yale maneno, akamwonea fahari, kisha akaendelea kumuuza.

Domna aliondoa sahani. Alimwambia Jefim kwamba hamfukuzi, kitanda chake kiko palepale. Ila Jumapili asimame mbele ya watu aseme kwa kinywa chake alichokifanya. Kikao cha Geneva kilikuwa baada ya Pasaka tu, na mashine zingepanda Mei. Kama mtu wa wizarani mwenyewe angesema kwamba orodha ile ilikuwa ya kahawa, Kamati ingesikia. Kijiji kikisema peke yake, neno la kijiji lingepambana na muhuri wa serikali, na wote wanajua nani hushinda hapo.

"Nitaona, mama," akasema Jefim.

Jumamosi jioni, akiandika majina ya walio hai ili padri ayasome na kuwaombea kwenye ibada, Domna alifika kwenye jina la Jefim na kalamu ikasita. Alikaa hivyo kitambo, akiomba apewe moyo ambao hakuwa nao. Kisha akaliandika.

Jumapili, baada ya ibada, ukumbi wa shule ulijaa. Mwenyekiti wa mkutano, Matrona, ambaye siku za kazi hutengeneza pikipiki za theluji na kucha zake hazitakati hata aoge mara ngapi, aliisoma aya ya 87 kuanzia mwanzo hadi mwisho. Akaipitisha mikononi mwa watu pamoja na picha ya orodha. Watu waliyatafuta majina yao, kila mmoja akaliona lake, wengine wakaligusa kwa kidole.

Wa kwanza kusema alikuwa Porfiri, mzee kapera asiyeweza kupitisha msiba bila kuutania.

"Kumbe kahawa ile ilikuwa na thamani ya mlima. Ningejua ningekunywa vikombe vinne."

Wakacheka, kicheko kikafa njiani. Porfiri akamgeukia Jefim, na safari hii hakutania. Akamkumbusha kwamba yeye ndiye aliyemtoa kwenye barafu ya ziwa, kijana akiwa na miaka kumi na mmoja, amelowa mpaka nywele. Akasema anaanza kujiuliza kama alivua samaki au nyoka.

"Porfiri, yatosha," akasema Matrona. Kisha, kwa upole: "Jefim, ndugu yangu, tuambie. Tunakusikiliza."

Jefim akasimama. Alikuwa amevaa vizuri na uso wake ulikuwa umepauka. Domna aliifunga mikono yake mapajani, akaomba kwa ndani: Bwana, mfungue kinywa.

Kinywa kilifunguka, na kilichotoka kilikuwa Kifini. Katika ukumbi ule, ambako tangu Domna awe na akili mkutano haukuwahi kuendeshwa ila kwa lugha yao, mtu wao wa Helsinki alizungumza lugha ya Helsinki. Alisema kulikuwa na hitilafu katika uambatishaji wa nyaraka. Alisema wizara inathamini mazungumzo na wakazi. Alisema italiangalia suala hilo. Watu walimtazama kama wanavyomtazama mtangazaji wa habari kwenye televisheni, kisha wakaanza kutazamana wao kwa wao.

Matrona alikuwa na moyo mzuri, na alitafuta njia. Alipendekeza waiandikie Kamati kwamba orodha iliyopelekwa siyo, basi, bila kumtaja mtu. Jefim ni mtoto wa hapa, akasema, na mkewe ni mjamzito. Wakimtaja, kazi hana. Vichwa vingi vikaitikia. Hata Domna moyo wake ulitaka kuitikia, maana lilikuwa neno la huruma na Kwaresima ni wakati wa huruma.

"Tukiandika hivyo, wizara itajibu nini?" Matrona akamuuliza Jefim.

Jefim alionekana kupata nafuu. Akajibu, bado kwa Kifini, kwamba bila shaka watakiri kosa la mashine na kutuma sahihisho.

"Lini?"

"Katika ripoti ijayo. Baada ya miaka minne."

Baada ya miaka minne Ruossavaara ingekuwa na barabara, mashimo, na uzio, na ndama wangekuwa hadithi. Domna aliona jinsi huruma ya kijiji ilivyokuwa inakwenda kufanya kazi ileile iliyofanywa na kahawa: kuwafunga midomo kwa adabu yao wenyewe.

Alisimama. Magoti yalimuuma kwa kusimama ibadani tangu asubuhi, akashika kiti cha mbele.

"Jefim, mwanangu. Swali langu ni moja. Maneno niliyoandika kando ya jina langu, uliyasoma, hukuyasoma? Sema hapa."

Kijana aliangalia dirishani. Safari hii alijibu kwa lugha yao, na ingekuwa heri angejibu kwa nyingine.

"Sikumbuki, mama."

Siku mbili tu zilikuwa zimepita tangu aliposema mezani kwake kwamba alifurahi. Domna alihisi kitu kikikatika ndani yake bila sauti, kama uzi wa nguo ya zamani, na baada ya hapo hakuhisi hasira, ila uchovu mwingi na njia moja iliyo wazi mbele yake. Matrona alimwambia akae, apumzike, watalijadili tena. Alikataa kwa kichwa. Porfiri alivua kofia yake. Padri Mikael, aliyekuwa amekaa nyuma karibu na birika, alisimama bila kuambiwa.

"Nisikilizeni, nyote mlio hapa, na Matrona aandike kwenye kumbukumbu za mkutano," akasema Domna. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini ilifika mwisho wa ukumbi. "Mimi ndiye niliyemshika mtoto huyu siku ya ubatizo wake. Hakujua kusema. Padri alimuuliza maswali, nikamjibia mimi. Leo anajua kusema, na hasemi. Basi nitamjibia tena. Naahidi mbele yenu na mbele za Mungu: baada ya Pasaka nitakwenda Geneva. Nitawaambia sikuridhia. Nitawaambia tulisaini kahawa. Na wakiniuliza ni nani aliyejua, nitamtaja, kwa jina nililompa mimi mwenyewe kanisani."